Mashine ya Presha Imestaafu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba za nyuma ya msikiti hapa Kitale, wake kwa waume, wenye presha ya juu, wenye presha ya chini, na wale wasio na presha yoyote ila wana muda mwingi, kwamba mashine ya kupimia iliyokuwa ikikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa muuza nyama imestaafu leo baada ya swala ya alasiri. Mkanda wake haushiki tena. Umefungwa kwenye mikono minene na myembamba, ya Waislamu na ya Wakristo, ya wenye shukrani na ya wale wengine, mpaka umechoka. Hakutakuwa na matanga. Wanaotaka kutoa rambirambi wanaombwa walete betri walizotumia.

Salma, tangazo hilo nimeliandika kwenye kipande cha boksi na kulitundika kwenye ndoano hapa buchari, kati ya mbavu na mguu wa nyuma. Limesomwa na watu wengi kuliko bei. Mamako amesema ni ujinga. Mimi nasema ujinga ukiandikwa kwa herufi kubwa unakuwa sheria.

Sasa tuje kwako. Nina hasira nawe. Naiandika mwanzoni kabisa ili usije ukaitafuta katikati ya mistari, maana wewe ni mwalimu sasa, na walimu hupenda kutafuta vitu ambavyo havikufichwa. Kesho asubuhi unakwenda Myanga, huko mbele ya Bungoma, kufundisha watoto wa watu hesabu, na tangu jana pale duka la dawa hatuongei. Unapita sebuleni kama mpangaji. Basi nami naandika. Naandika hapa mezani, kisu nimekiweka kando, kwa sababu nyumbani mnanitazama kama kwamba mgonjwa ni mimi.

Habari za sindano yako ya kila mwezi, vidonge, chandarua, maji ya kuchemsha, na jiko la makaa lisiwashwe mlango ukiwa umefungwa, hizo zote anazo mamako. Anazirudia tangu Jumatatu. Leo nimemsikia akimwambia paka. Salamu pia amezipakia yeye, nyingi, chini ya unga. Mimi nitakuandikia juu ya mashine, kwa sababu ndiyo tuliyogombania, na kwa sababu katika nyumba hii hakuna mtu aliyekosea kuhusu mashine kunishinda. Hiyo ni sifa yangu na sitaki mtu aniibie.

Ulikuwa darasa la tano homa ya viungo ilipokupata. Magoti yakavimba, tukayapaka mafuta ya mbarika, tukasema ni kukua. Homa ikaondoka, lakini iliondoka kama mpangaji mbaya, akihama anang'oa na kitasa. Daktari aliyekuja kutoka Eldoret alitueleza baadaye kwamba mlango mmoja ndani ya moyo wako haufungi vizuri, na kwamba siku nyingine moyo wote utakuwa unasahau hesabu. Nilikuwekea sikio mgongoni siku hiyo, unakumbuka, ukacheka kwa sababu ndevu zilikuchoma. Moyo wako ulikuwa unapiga kama mvua inapoanza juu ya bati: tone, matone mawili, kimya, halafu mengi kwa pamoja bila mpango.

Nikajifanya najua. Mioyo nimeikata maisha yangu yote. Nimeitundika, nimeipima kwa mizani, nimewauzia watu wa mishikaki. Nilimwambia yule daktari, kwa sauti ya mtu na mwenzake, kwamba hivyo vijimlango vyeupe nimeviona sana. Akaniuliza kwa adabu kama nimewahi kuviona vikifanya kazi. Sijawahi kumpenda mtu yule. Moyo ninaoujua mimi umenyamaza kabla sijaushika. Wako ndio unaopiga kelele, na mimi sikuwa na kisu cha kelele.

Kwa hivyo nikatafuta mashine.

Shule yangu unaijua. Niliishia darasa la nne, mengine yote nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia nyama. Nanunua kwa kilo, nasoma kabla ya kufunga. Ndiyo maana elimu yangu ni pana na ina mashimo. Najua jinsi vita vya nchi nyingi vilivyoanza, sijui vilivyokwisha. Mwisho ulikwenda na matumbo ya mtu. Hivyo hivyo ndivyo nilivyosoma habari za mashine za kujipimia nyumbani. Gazeti lilisema ukitaka kuchagua, uangalie mambo matatu. La kwanza, ya kufunga juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. La pili, mkanda ukutoshe, kwa sababu mkanda mpana kwenye mkono mwembamba husema uongo, na mfinyu kwenye mkono mnene vile vile. La tatu lilikuwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili nilikuwa nimemfungia mtu nusu kilo ya mbavu. Nilimfuata mpaka kona ya posta. Akaniangalia kutoka juu mpaka viatu. "Mzee, unataka nyama ama unataka gazeti?" Nikamwacha aende. Kuna maswali ambayo hayana jibu la heshima.

Nikanunua ile kubwa: mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, kioo kinachoandika namba, na pembeni kamoyo kadogo kanakomulika mapigo yasipofuatana. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, nalo halimo katika gazeti lolote. Niliiweka juu ya kabati la vyombo, sebuleni, juu ya kitambaa cha mamako alichofuma. Nilitaka ionekane. Nilitaka mgeni akiingia ajue kwamba humu ndani moyo wa mtoto unaangaliwa. Salma, hapa kwetu kitu ukikiweka juu ya kabati sebuleni umekiandikia "njooni."

Wakaja. Wa kwanza Mama Nekesa, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa Bungoma, mwenye mkono mnene na moyo mpana, na vyote viwili vilikula betri zangu. Alikuwa anaingia amekwisha kukunja mkono wa blauzi.

"Baba Salma, nimekuja tu kusalimia."

"Karibu."

"Na kwa vile niko hapa."

Akipimwa, anaangalia kioo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Ai! Leo imepanda. Nani ameniudhi?" Anafikiri, anampata aliyemuudhi, anakunywa chai, anaenda zake. Kesho yake analeta dadake. Kisha ikawa si lazima waje kwetu, mashine inaweza kwenda kwao, si ina miguu ya watoto wa kutumwa? Na mimi nikawa nasema, "Ichukueni, ichukueni." Kwa nini? Unajua kwa nini. Jirani unaweza kumsengenya. Unaweza kumwongezea mfupa kwenye kilo. Lakini akija na kikombe kuomba chumvi utampa, maana ukimnyima chumvi utazikwa na watu wachache. Na kitu ukishakiazimisha, hukidai ukiwa mlangoni. Unaingia, unakaa, unaulizwa habari, unajibu, unakunywa, halafu kile kitu unakitaja kama kwamba kimekujia tu akilini, kama jina la mtu wa zamani.

Ile siku hutaki niitaje. Sikuandikii ili nikuombe ruhusa.

Ulikuwa umefunga chuo. Ulifua nguo asubuhi, ukazianika, halafu ukaketi ghafla kwenye ngazi ya nyuma na beseni miguuni. Midomo yako ilikuwa rangi ya jivu. Ulisema, "Baba, unakimbia." Hukusema nini kinachokimbia. Mamako akachuchumaa, akakushika kifundo cha mkono kwa vidole vyake, akafumba macho. Mimi nikasema, kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye akili: "Leteni mashine!"

Juu ya kabati palikuwa na kitambaa.

Nikaenda kwa Mama Nekesa. Ni mlango wa pili, hata viatu sikuvaa vizuri. "Hodi!" "Karibu, Baba Salma! Leo umetukumbuka!" Kiti kikavutwa, kikapanguswa. Chai ilikuwa tayari inamiminwa, yeye humimina kabla hujafika. Nikakaa. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye funzo lote na mimi silipendi: nikakaa.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

Hivyo ndivyo mtu hujibu. Hata nyumba ikiungua, kwetu utasema hawajambo kwanza, moto baadaye. Wewe ulikuwa kwenye ngazi unahema kama kuku aliyekimbizwa, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nasema hawajambo, nashika kikombe kwa sikio lake ili kisiniunguze.

"Na ile mashine, Mama Nekesa..."

"Ile ya plesha? Ai, si nilipatia Njoroge? Yule wa mbegu za viazi. Bibi yake alikuwa anasikia kizunguzungu. Kwani hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Basi maliza chai, si itapoa."

Nikamaliza chai.

Njoroge nilimkuta mbele ya duka lake akihesabu magunia. Unamjua Njoroge, kila anayemkaribia anadhani amekuja kukopa. "Mzee wa nyama! Umekuja kununua ama kuniuzia?" Nikamwambia nataka mashine. Akacheka. "Iko kanisani, bana. Kwaya wako na mazoezi, mama akaona ni vizuri wote wapimwe, maana wanaimba kwa nguvu sana. Lakini kaa kidogo, uji uko karibu." Uji niliukataa. Nataka ujue kwamba uji niliukataa. Ndio ushujaa wangu wote wa siku ile.

Kanisani niliingia na aproni ya kazi, damu ya asubuhi imekauka kifuani. Kwaya nzima iligeuka. Walikuwa wamepanga laini ubavuni mwa viti, na mbele, kwenye meza ndogo yenye maua, mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa amenyoosha mkono ndani ya mkanda wangu. Bibi mmoja akapiga makofi: "Hata ndugu zetu Waislamu wamekuja kupimwa! Bwana asifiwe!" Nikaenda moja kwa moja mbele. Kijana mmoja akanizuia kwa mkono.

"Mzee, panga laini. Hata sisi tumengoja."

"Hiyo mashine ni yangu."

"Ati yako? Hii ni ya kanisa."

"Ni yangu. Nimeinunua mimi."

"Si igeuzwe basi tuone."

Ikageuzwa. Nyuma walikuwa wamebandika plasta nyeupe, imeandikwa KWAYA kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kabisa. Wote wakaniangalia kwa huruma. Sikubishana. Nilimfungua yule mama mkono, nikaondoka na mashine kwapani, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Presha ya yule ndiyo mbaya."

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Beseni lilikuwa kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu. Nilisimama katikati ya sebule, na sijui kwa nini nilifanya nilichofanya: nilikaa nikajifunga mkanda mkononi mwangu mwenyewe, nikabonyeza. Haikuwaka. Kwaya ilikuwa imemaliza betri.

Mamako hakuwa amengoja. Hajui kusoma zile namba na hajawahi kutaka kujua. Alikushika mkono, akasikia anachokisikia, akatoka barabarani akasimamisha pikapu ya maziwa kwa kusimama mbele yake. Nilipofika hospitali ulikuwa kitandani umewekewa hewa, na muuguzi alikuwa anaandika. Akauliza baba wa mtoto alikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nafuata mashine.

"Mashine gani, mzee?"

"Ya kupima."

Akageuka, akaangalia mezani. Kulikuwa na mashine hapo, dada ya ile yangu. "Tuko nayo," akasema, akaendelea kuandika.

Ukanisamehe siku ile ile, hata kabla ya kutolewa hewa. Ukanishika kidole. Hilo ndilo sijakusamehe. Mtu akiwa na haki ya kupiga kelele halafu asipige, anamwachia mwenziwe kazi yote.

Sasa, niliyoyapata hapo nakupa bila mapambo. Mashine si ruhusa. Mimi nilikuwa nangoja kioo kiniambie kwamba mwanangu anaumwa, na mwanangu alikuwa mbele yangu rangi ya jivu. Ukihisi unakimbia na pumzi inakata, au kifua kinabana, au dunia inataka kuzima, usiitafute mashine hata kama iko kwenye mkoba wako. Toka nje. Simama mbele ya pikapu ya mtu. Namba watakusomea huko huko.

Mashine ni ya siku nzuri. Ni ya kujua kawaida yako, ili isiyo ya kawaida ikija uitambue kama unavyomtambua mgeni mlangoni. Hayo hakuna aliyeniambia. Niliyalipia kwa kikombe cha chai.

Haya, jana. Tuliingia duka la dawa mimi na wewe, watu wawili wanaopendana. Tukatoka maadui. Muuzaji, yule kijana wa tai shingoni, alitoa mbili: ile kubwa kama yetu, na ile ndogo ya kufunga kwenye kifundo, kama saa. Iko na ya tatu, akasema, ya kubana kifuani, inachora mstari wa moyo wenyewe, daktari anausoma kama barua. Tukamwambia aitoe. Akatoa picha yake. Mashine yenyewe iko Nairobi, na bei yake ungeagizia ng'ombe aje na ndama. Ile, tungekuwa watu wa uwezo, ningekununulia bila maneno, maana hizi nyingine hunong'ona tu kwamba kuna kitu, ile inakionyesha. Tukarudi kwa mbili.

Nilimuuliza kijana: "Kamoyo haka kakimulika, maana yake nini?"

"Maana yake moyo uko sawa, mzee. Ndiyo maana wameweka moyo."

"Soma karatasi."

Akasoma. Akasafisha koo. "Maana yake mapigo hayafuatani."

"Ahaa. Hebu jifunge wewe."

Najua uliona aibu. Uliangalia dari. Lakini kijana akajifunga, na kwa sababu ni muuzaji aliendelea kuniuzia huku mashine inajaa hewa, anaeleza dhamana, anarusha mkono wa pili, na kamoyo kakamulika. Alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa. Tukampa kiti chake mwenyewe. Alipotulia bila kusema neno, akapima tena, kamoyo hakakuja. Hilo ulilifurahia, usikatae, nilikuona. Basi likumbuke: kamoyo kanaweza kuletwa na mdomo tu. Kaa, nyamaza, miguu chini, ukipima kwenye kifundo inua mkono mpaka usawa wa moyo, na ukiona kamoyo pima tena kabla ya kujililia. Kakirudi, na kesho kakirudi, hapo mpelekee daktari. Na namba zako hazitafanana hata ukipima mara tatu mfululizo, kwa sababu moyo wako haujirudii. Daktari wa Eldoret alisema, na ingawa simpendi, hakukosea.

Halafu ukachukua ile ndogo. Nikasema chukua kubwa. Nikakutolea gazeti langu, jambo la kwanza na la pili. Ukasema, mbele ya kijana aliyekuwa bado anajishika kifua:

"Baba, kubwa nitaiacha kabatini. Unajua nitaiacha. Nikiitoa mwenzangu wa chumba atauliza, nikimwambia atamwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu ataniondolea michezo, ataniondolea zamu, nitakuwa mwalimu wa kuhurumiwa. Hii ndogo nitavaa. Sasa kipi kinapima vizuri, kilicho kabatini ama kilicho mkononi?"

Nilikuambia una kiburi cha nyanya yako, nikatoka, nikakuacha utembee peke yako mpaka nyumbani. Inawezekana hilo ndilo lilikuwa jambo la tatu, lile lililokwenda na mbavu: kwamba mashine nzuri ni ile ambayo mtu ataitumia. Inawezekana. Sitakupa raha ya kusema kwamba nina hakika.

Lakini hapo hapo ndipo hasira yangu ilipo, na mashine ni kisingizio. Unataka kwenda kuishi Myanga na hakuna mtu hata mmoja atakayejua. Unataka ndogo kwa sababu inafichika. Mimi niliionyesha yangu kwa kila mtu, ikanifia mikononi mwa kwaya. Wewe unataka kuificha yako mpaka kwa mtu wa kitanda cha pili. Tumekosea kutoka pande mbili za barabara moja, na ukweli ni kwamba ukianguka usiku huko, kile kisaa kitamulika kamoyo kake vizuri sana, na hakuna atakayekiona.

Kwa hivyo chagua mtu. Mmoja. Usimchague shangazi yako wa Bungoma mjini. Ukimwambia yeye umeiambia Webuye yote na Matulo, na Ijumaa utasikia umeombewa dua kwa jina la baba na ukoo. Usimchague anayelia upesi, atahitaji kuhudumiwa yeye kwanza. Usimchague mcha Mungu wa kelele wala daktari wa maneno. Mimi watu siwapendi, unajua, na ukitaka kuwajua watu wauzie nyama. Yuko anayekagua kila mfupa akidhani ameibiwa. Huyo atakuhesabia wema wake. Yuko anayepokea chochote bila kuangalia. Huyo hataona ukibadilika rangi. Mtafute wa katikati: anayekubali mfupa wa haki yake bila makelele, lakini ukimzidishia mmoja anauweka juu ya meza taratibu na kukutazama. Wapo wachache. Hapa Kitale najua wawili, na mmoja nilimuoa.

Huyo mtu mwonyeshe mahali pa kuweka vidole, hapo chini ya kidole gumba. Ajifunze mvua yako ya kawaida ilivyo, ili ajue siku ikinyesha vingine. Na umfundishe jambo moja ambalo mimi sikufundishwa: siku hiyo akienda kugonga mlango wa watu, asikae. Akiulizwa watoto hawajambo, asijibu. Akipewa kikombe, akiache mezani kipoe. Watamsema. Acha wamseme.

Usidhani nakuandikia haya kwa upole. Bado nina hasira. Nina hasira na homa iliyokuja tukaiita kukua, na Njoroge na uji wake, na yule aliyeandika KWAYA kwa mwandiko mzuri, na Myanga kwa kuwa na shule. Nina hasira kwamba utafundisha watoto wa watu kuhesabu na moyo wako wenyewe haujui. Zaidi ya yote nina hasira kwamba kesho nitafungua buchari kama kawaida, na mtu wa kwanza atauliza, "Salma hajambo?" na nitajibu ninavyojibu.

Leo mchana nilirudi duka la dawa. Yule kijana aliponiona alikaa kabla sijamwambia. Mzigo uko ndani ya begi lako, upande wa vitabu, mbali na unga, na betri za ziada zimo. Ni ile ndogo. Nimeijaribu mkononi mwangu nikiwa nimenyamaza, inafanya kazi.

Babako

Usijisifu. Kubwa zilikuwa zimekwisha.